Kabla hujazima taa: sukari kushuka usiku na usingizi wa mwenye kisukari

Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide na gliclazide, anaweza kushukiwa na sukari saa nane usiku bila kushtuka. Mchana mwili humtahadharisha: mikono inatetemeka, moyo unadunda, njaa inauma. Akiwa usingizini, adrenalini inayoleta dalili hizo hutoka kidogo, kwa hiyo mtu huendelea kulala huku sukari ikizidi kushuka. Katika utafiti mkubwa wa DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993 kwa watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, zaidi ya nusu ya matukio makali ya kushuka sukari yaliwakuta watu wakiwa wamelala. Anayetumia metformin, kidonge kingine cha kisukari, peke yake ana hatari ndogo sana, asijinyime usingizi kwa hofu.

Dalili za usiku mara nyingi huonekana asubuhi. Shuka zimeloa jasho ingawa hakukuwa na joto. Kichwa kinauma, mwili umechoka kana kwamba hukulala kabisa. Aliyelala karibu nawe anasema uliweweseka au ulirusharusha mikono. Familia nyingi husema ni jinamizi. Kabla ya kulikubali jina hilo, pima sukari. Wapo pia wanaoamua kulala na sukari juu ili wawe salama, lakini nao hawapumziki: ikivuka takriban 10 mmol/L (kipimo cha sukari katika damu), sukari huanza kutoka kwenye mkojo na kuvuta maji, ukajikuta unaamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, koo limekauka.

Maandalizi huanza jioni, kwenye sindano. Insulini yenye rangi ya maziwa (NPH, kama Insulatard) hufikia kilele chake saa 4 hadi 8 baada ya kuchomwa, wakati mwingine zaidi. Aliyechoma saa moja jioni, kilele kinamkuta kati ya saa tano na saa tisa usiku, chakula cha jioni kikiwa kimeshapungua nguvu. Insulini ya mchanganyiko wa 30/70 nayo una sehemu hiyo hiyo ndani yake. Ndiyo maana daktari wakati mwingine huihamishia NPH saa nne usiku. Muulize, lakini usihamishe mwenyewe.

Kabla ya kuvuta dawa, viringisha chupa taratibu kati ya viganja mara 10, kisha ipindue juu chini mara 10, mpaka weupe uwe sawa kote. Isipochanganyika, leo utachoma dawa hafifu na kesho kali. Hakikisha namba iliyo kwenye bomba la sindano inalingana na iliyo kwenye chupa, kwa kuwa ndiyo idadi ya yuniti katika kila mililita: insulini ya U-100 ikivutwa kwa bomba la U-40, mstari unaosoma yuniti 10 umebeba yuniti 25. Kosa hili linaweza kuua, na hutokea bomba la kawaida linapokosekana dukani mtu akachukua lililopo. Papasa pia mahali unapochoma. Pakiwa na uvimbe laini, dawa hunyonywa bila mpangilio, kwa hiyo hama sehemu. Na kwa kuwa kwenye ngozi isiyo na uvimbe dawa huingia vizuri zaidi, uliza kwanza kama dozi inapaswa kupunguzwa.

Halafu jiulize siku ilikwendaje. Kulima, kucheza mpira au kutembea mwendo mrefu alasiri huacha misuli ikivuta sukari kwa saa nyingi, hadi usiku wa manane. Pombe inazuia ini kutengeneza sukari mpya, na athari yake inaweza kufika kesho yake asubuhi; isitoshe, anayenuka pombe akianza kuyumba, watu humwacha wakidhani amelewa. Malaria hushusha sukari, kwinini huishusha zaidi, na mgonjwa wa homa hali vizuri ingawa dawa za kisukari bado ziko mwilini. Septrini ikichanganywa na glibenclamide inaweza kuishusha pia, hivyo kila unapoandikiwa dawa mpya taja zile unazotumia. Figo zikidhoofika, insulini na glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu kuliko zamani, na dozi iliyokufaa mwaka jana inaweza kuwa kubwa mno leo.

Sasa pima, baada ya kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha. Kidole kilichomenya embe au ndizi mbivu hubaki na utamu, na mashine itasoma juu kuliko damu ilivyo. Ukiamini namba hiyo, unalala ukiwa hatarini. Ikiwa mashine yako inasoma mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L. Chini ya 3.9 (70) sukari imeshashuka: itibu kwanza, kulala baadaye. Kati ya 3.9 na 5.6 (100), kula kidogo kabla ya kulala, mathalani glasi ya maziwa au kipande cha mkate na siagi ya karanga. Kama mchana ulikuwa wa kazi nzito, watu wengi wa insulini huhitaji kitafunwa hicho hata wakiwa kwenye 6 au 7. Kiwango chako hasa kipangwe na kliniki yako, zaidi kwa wazee, wajawazito na watoto.

Stripu za mashine ya kupimia ni ghali, kwa hiyo zitumie kwa akili. Kipimo cha saa tisa usiku hakihitajiki kila siku; kihifadhi kwa usiku wa dozi iliyobadilishwa, wa ugonjwa, wa pombe au wa kazi isiyo ya kawaida, na kwa usiku mbili tatu unapoamka na sukari ya juu usiyoielewa. Sukari ya asubuhi hupandishwa mara nyingi na homoni za alfajiri au dawa kuisha nguvu. Lakini ikiwa saa tisa ilikuwa 3.2, kuongeza insulini ya jioni kwa kuona 13 asubuhi ni kujichimbia shimo.

Kando ya kitanda, mahali mkono unapofika bila kutoka kwenye chandarua, weka tochi, mashine ya kupimia na gramu 15 za sukari zilizokwisha kupimwa. Ubongo uliokosa sukari hauwezi kuhesabu vijiko gizani. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye kichupa chenye kifuniko (sisimizi wasikitangulie) na chupa ya maji vinatosha. Soda ya kawaida mililita 150, yaani nusu ya chupa ya mililita 300, ni sawa, au asali kijiko kimoja kikubwa. Soda isiyo na sukari haitibu chochote, na wengi huinunua kwa sababu nyumbani kuna mwenye kisukari. Chokoleti na maandazi yana mafuta, hivyo huchelewa. Mtoto hupewa takriban gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito: wa kilo 30, vijiko viwili.

Ukiamka na dalili, keti, kunywa, subiri dakika 15, pima. Bado iko chini ya 3.9? Rudia kiasi kile kile. Ikishapanda, kula kitu cha kukaa tumboni. Kosa la kawaida ni kwenda jikoni na kula mpaka njaa iishe, ukaamka na sukari 18.

Unayelala naye chumba kimoja afundishwe akiwa macho na mchana. Akikuta jasho na maneno yasiyoeleweka, akuamshe akupe kinywaji kitamu ikiwa unaweza kumeza. Humezi au huamki: akulaze ubavu, asitie kitu mdomoni, asichome insulini, akuwahishe hospitali upate glukosi ya mshipa. Kama nyumbani kuna glukagoni, sindano ya homoni inayopandisha sukari, mtu mzima huchomwa miligramu 1. Namba ya dereva anayekubali kutoka usiku iandikwe ukutani. Sukari iliyoshushwa sana na glibenclamide inaweza kurudi kushuka kwa siku nzima au zaidi, hivyo mgonjwa wa namna hiyo aende hospitali hata kama amezinduka na anaongea. Anayeishi peke yake apange na ndugu wa kumpigia simu kila alfajiri, na ufunguo wa akiba ukae kwa jirani.

Asubuhi, usipande pikipiki wala kushika usukani kabla ya kuona 5.0 au zaidi. Sukari iliyoshuka usiku hudhoofisha dalili za siku zinazofuata, kwa hiyo usiitegemee mitetemo ikuonye. Pima zaidi ya kawaida. Andika saa, namba, ulichokula jioni, dozi, na kazi uliyofanya. Namba moja ya usiku iliyo chini ya 3.0 inatosha kukupeleka kliniki siku hiyo hiyo kabla ya dozi ya jioni, ukiwa na daftari hilo, chupa zako za dawa na bomba unalotumia.