Kabla hujalipia chumba Arusha

Kuna hoteli za Arusha mjini zinazopendeza sana pichani: taa za kuning'inia, sinki kama bakuli la saladi, bafu la ukuta wa kioo (sijui nani aliomba hilo). Ukishaingia, hakuna hata msumari wa kutundika koti. Omba kuona chumba kwanza. Fungua bomba la maji ya moto usubiri mpaka yapate moto kweli. Ukiambiwa "hita ndiyo imewashwa sasa hivi", rudi baadaye. Soketi ikiwa nyuma ya kabati, beba ekstensheni. Juni na Julai omba blanketi la pili mapema, maana mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na lile shuka la mapambo halizuii baridi.