Simu imejaa? Hamishia picha kwenye kompyuta bila kumaliza bando wala kupoteza kitu

Kuanzia tarehe 20 Desemba hivi, banda langu hapa Moshi hupokea wateja wa aina moja. Wametoka Dar, Mwanza, Dodoma, wamekuja kula Krismasi nyumbani, Rombo, Marangu, Kibosho, na simu imegoma kupiga picha. "Fundi, inaandika nafasi imejaa, na kesho tuna ubatizo." Miezi mingine ni wapagazi na waongoza watalii walioshuka mlimani kwa njia ya Mweka na video za siku sita, na kesho kutwa wanapanda tena.

Kila mmoja anakuja kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kufuta. Tulia kwanza. Nilishafanya kosa hilo mwenyewe, na mimi ndiye fundi. Nilikuwa nimeunganisha simu yangu na laptopu ili folda ya picha iwe ileile pande zote mbili. Siku moja nikaona picha zote zimeshafika kwenye laptopu, nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi, nikaenda kula mtori. Kurudi, folda ya laptopu tupu. Mashine haikukosea: niliiambia pande mbili zifanane, ikazifananisha. Zilikuwa picha za shukrani ya mama. Tulizobaki nazo ni zile ndugu walizotumiana kwenye grupu la ukoo, na ukizikuza, sura za watu ni kama umezichungulia kupitia neti ya mbu.

Ndiyo maana mwongozo huu unatenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kusawazisha ni kufanya sehemu mbili zifanane, pamoja na makosa yako. Kuhifadhi nakala ni kuweka kitu mahali ambapo kosa la leo haliwezi kukifikia.

Hatua ya 1: Jua nani amejaza

Fungua Mipangilio, ingia Hifadhi, subiri simu ihesabu. Kwenye simu nyingi ninazoshika, kamera inasingiziwa tu. Mwenye kosa ni WhatsApp. Grupu la ukoo, la kwaya, la kikoba, la kamati ya harusi iliyokwisha tangu mwaka juzi na hakuna mwenye ujasiri wa kujitoa. Kila "asubuhi njema" yenye maua inashuka yenyewe.

Ndani ya WhatsApp nenda Mipangilio, kisha sehemu ya hifadhi na data, kisha mahali pa kudhibiti hifadhi. Utaona makundi mawili juu: faili zinazozidi MB 5, na zile zilizosambazwa mara nyingi. Anza na hizo zilizosambazwa. Hakuna mtu aliyewahi kurudi bandani kwangu akilia kwa sababu alifuta video ya mahubiri iliyopita mikononi mwa watu mia. Ukimaliza, rudi nyuma hatua moja uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video. Hapo bando lako nalo litapumua.

Kuna kona moja wengi hawaijui. Fungua programu ya mafaili ya simu, fuata njia hii: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Video, kisha Sent. Humo mna nakala ya kila video uliyomtumia mtu. Mara nyingi hazionekani kwenye galari, kwa hiyo unaweza kufuta galari nzima na nafasi isiongezeke ipasavyo. WhatsApp Images nayo ina Sent yake. Ukizifuta hizo, uliyemtumia anabaki na yake. Wewe tu ndiye hutaweza kuifungua tena kwenye mazungumzo.

Zile programu za "safisha simu" zenye matangazo kila ukigusa, achana nazo.

Hatua ya 2: Kwa waya, na uhesabu

Waya si waya tu. Kuna za kuchajia pekee, hazina nyuzi za kupitisha data, na ndizo zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Ukichomeka kwenye kompyuta, simu ikaanza kuchaji halafu kimya, badilisha waya kabla hujamlaumu mtu. Ukiwa na waya mzuri, fungua skrini ya simu, vuta arifa kutoka juu, gusa ile inayosema simu inachaji kwa USB, uchague kuhamisha faili. Kwenye kompyuta simu itatokea kama diski. Picha za kamera ziko DCIM, kisha Camera.

Hapa nakili, usikate. Ukikata halafu waya ukachezacheza katikati ya kazi, au umeme ukakatika na betri ya laptopu ilishakufa zamani, faili iliyokuwa njiani inaweza isiwe huku wala kule. Nakili mafungu madogo, picha 200 au 300 kwa mara moja, maana ukikamata elfu tano kwa mpigo dirisha la kunakili hupenda kuganda.

Kisha hesabu. Fungua folda ya simu, bonyeza Ctrl na A, soma idadi ya vitu chini ya dirisha. Fanya hivyohivyo kwenye folda ya kompyuta. Namba zikilingana, fungua vitu vitatu: picha ya kwanza, picha ya mwisho, na video ndefu kuliko zote, uisogeze mpaka mwisho kabisa. Faili iliyokatikia njiani hucheza vizuri mwanzoni, ndipo inagoma.

Hatua ya 3: Tengeneza sebule na stoo

Kwenye kompyuta tengeneza folda mbili. Moja iite Sebule, nyingine Stoo. Sebule ndiyo itakayosawazishwa na simu. Vitu vitaingia na kutoka. Stoo haiunganishwi na kifaa chochote. Mara moja kwa wiki unanakili vipya kutoka Sebule kwenda Stoo, umevipanga kwa mwaka na tukio: "2025 Ubatizo", "2025 Machame". Kitu kikishaingia stoo ndipo una ruhusa ya kukifuta kwenye simu.

Watu wa Google Photos, na nyie somo ni lilelile. Akaunti ya bure ina GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya picha, barua pepe na Drive. Ndani yake kuna njia mbili za kupata nafasi zinazofanana machoni. Kile kitufe cha kupunguza mzigo wa simu kinaondoa nakala za kwenye simu tu, zile ambazo zimeshapanda mtandaoni. Lakini ukichagua picha iliyopanda ukagusa kapu la taka, umeifuta kote, simu na mtandaoni. Ina siku 60 kwenye taka, baada ya hapo imekwenda. Na hata ukitumia njia iliyo salama, kupandisha GB 20 za video kwa bando la wiki ni mateso, kwa hiyo tusogee kwenye njia isiyokula bando.

Hatua ya 4: Kusawazisha bila intaneti

Natumia Syncthing. Ni ya bure, na faili zinatoka simu kwenda kompyuta moja kwa moja bila kupumzika kwenye seva ya mtu. Kwa kompyuta ipakue syncthing.net. Kwa Android, programu ya awali ilisimama Desemba 2024, kwa hiyo tafuta Syncthing-Fork ndani ya F-Droid, duka la programu za bure za Android.

Ukiiwasha kwenye kompyuta inafunguka ndani ya kivinjari, anwani 127.0.0.1:8384. Usiogope, hiyo anwani ni ya kompyuta yako mwenyewe, hujaenda popote. Bonyeza "Actions", kisha "Show ID". Itatokea picha ya miraba ya kuskani. Kwenye simu ongeza kifaa kipya, skani. Baada ya muda kompyuta itauliza kama unamtambua huyu mgeni, mkubali.

Sasa folda. Kwenye simu ongeza DCIM/Camera, aina yake iwe "Send Only", uishirikishe na kompyuta. Kompyuta itauliza iiweke wapi: ielekeze Sebule. Kabla ya kuhifadhi, fungua mipangilio ya zaidi uchague "Receive Only".

Hapa ndipo mteja mmoja, mwongoza watalii, alinibishia. "Mangi, si umesema simu inatuma tu? Basi nikifuta kwenye simu, kompyuta haiguswi."

Inaguswa. "Send Only" maana yake simu haipokei mabadiliko kutoka kompyuta. Ila yenyewe inatuma kila badiliko, na kufuta nako ni badiliko. Nilimwambia apige picha ya kikombe chake cha chai, tukasubiri ikatokea kwenye laptopu, akaifuta kwenye simu, tukaangalia laptopu pamoja. Kikombe kikapotea mbele ya macho yake. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa tunafanyaje?"

Tunafanya hivi: kwenye kompyuta, folda hiyohiyo ya Sebule, nenda sehemu ya "File Versioning" uchague "Trash Can". Pale inapouliza isafishe baada ya siku ngapi, weka 0, maana yake isisafishe kamwe. Kuanzia hapo, kila kinachofutwa kutoka upande wa simu kinahamishiwa kwenye folda ya pembeni iitwayo .stversions, humohumo ndani ya Sebule. Rudia jaribio la kikombe mpaka ukione kimetua humo. Usiniamini mimi, jaribu na kikombe chako.

Upande wa mtandao: simu na kompyuta zinahitaji kuwa kwenye Wi-Fi moja, basi. Ruta ya nyumbani inafaa hata kama bando limeisha, kwa sababu data haitoki nje. Huna ruta? Washa hotspoti kwenye simu ya pili, unganisha zote mbili. Ila zima data ya simu hiyo inayotoa hotspoti! Usipozima, Windows itaona intaneti, itakumbuka masasisho yake ya miezi mitatu, na bando lako la mwezi litaisha kabla picha ya kwanza haijafika. Kama simu yako ndiyo yenyewe inayotoa hotspoti, programu inaweza kudhani haina Wi-Fi ikakaa kimya. Ingia kwenye masharti yake ya kufanya kazi uiruhusu.

Likikwama bado, angalia betri. Simu nyingi za bei ya kati huua programu zinazofanya kazi kimyakimya ili kuokoa chaji. Mipangilio ya betri, tafuta Syncthing, iondolee vizuizi.

Kama unataka kutuma faili moja mbili tu, haya yote ni mengi mno. Weka LocalSend kwenye simu na kompyuta, chagua faili, tuma. Nayo haihitaji intaneti.

Hatua ya 5: Nakala ya pili, kwenye diski ya kweli

Laptopu nayo huibiwa na hudondoka. Stoo inahitaji nakala kwenye diski ya nje, ile wengi tunaiita eksteno.

Hapa angalia sana. Flashi ya GB 512 kwa bei ya chipsi kuku ni ya uongo. Imechezewa ili ijitangaze ni kubwa. Ukipita uwezo wake halisi, majina ya mafaili yataonekana lakini hayatafunguka. Kabla ya kuweka kitu cha maana, ijaribu ikiwa tupu kwa H2testw, programu ya bure ya Windows: inaijaza yote, kisha inasoma ilichoandika. GB 64 inaweza kuchukua zaidi ya saa moja, nenda kafanye mambo mengine. Na usimgombeze muuzaji kwa sababu flashi ya 64 inaonyesha 59: muuzaji anahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024, wote wako sahihi.

Flashi ikikataa video kubwa huku ina nafasi tele, huenda imeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayofika GB 4. Iumbize upya kwa exFAT. Itafuta vyote vilivyomo, kwa hiyo fanya ikiwa tupu.

Kunakili Stoo, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika:

robocopy "D:\Stoo" "E:\Stoo" /E

Badilisha herufi za diski ziendane na zako. Ukirudia mwezi ujao itachukua vipya na vilivyobadilika tu. Mtandaoni utakutana na watu wanaoweka /MIR mahali pa /E. Hiyo inafuta kwenye diski kila kisichokuwepo kwenye kompyuta, yaani mtori wangu ule ule umerudi mezani.

Wenye iPhone: kama kunakili kwa waya kunakatika na kosa la kifaa kutofikika, ingia Settings, Apps, Photos (kwenye iOS za zamani ni Settings, Photos moja kwa moja), teremka chini kabisa mpaka sehemu ya kuhamishia Mac au PC, chagua "Keep Originals". Picha zitafika kama HEIC, aina ya faili ambayo iPhone huhifadhia picha, na Windows inaweza kuhitaji nyongeza ya kuzifungua.

Diski yangu ya pili haikai Moshi. Iko kwa dada yangu Sakina, Arusha, ndani ya kabati la vyombo, na kila nikienda kumsalimia naenda na nyingine mkononi tunabadilishana. Juu yake nimebandika kipande cha plasta ya hospitali, nimeandika kwa kalamu tarehe ya mara ya mwisho kunakili. Ya sasa inasema Pasaka, na dada ameshanipigia mara mbili kuniuliza.