Unataka kutafiti punda alivyogeuzwa bidhaa? Anzia kisimani

Wengi wakichukua hii topiki ya biashara ya ngozi ya punda wanakimbilia machinjioni, wanapiga picha ngozi zimeanikwa, wanaandika bei basi thesis imeisha. Nakushauri anzia kisimani. Punda wa kijijini anabeba madumu manne ya lita 20 kwa safari moja na hiyo kazi huikuti kwenye daftari la mfanyabiashara yeyote. Kwa hiyo kabla hujauliza punda anauzwa bei gani, uliza punda alipoondoka nani alianza kubeba maji. Mara nyingi utaambiwa ni mama au binti, na hapo ndo utafiti wenyewe umeanza.

Halafu ifuate ngozi kuanzia kwa mwenye mnyama, dalali, mnada, machinjio, bandari, mpaka Uchina inakochemshwa kutengeneza ejiao, dawa yao ya asili. Kila kituo andika nani kapata nini na nani kabaki mikono mitupu. Njia ya wizi usiiruke kabisa, Kenya kuna watu waliamka wakakuta punda wao wamechunwa porini usiku na nyama imeachwa palepale, jamani hiyo nyama iliyoachwa inakuonyesha soko lilitaka nini kuliko ripoti yoyote ya wizara.

Sheria zinachanganya, zipange kwa miaka. Kenya machinjio ya punda yalianza kufunguliwa 2016, ya Mogotio, Baringo yakiwemo, yakafika manne, serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama kuu ikatengua 2021. Tanzania ikazuia 2022. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Kwa kila uamuzi tafuta nani alisukuma na nani alikuwa anaingiza hela.

Takwimu nazo zisome taratibu. Sensa ya Kenya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8, ya 2019 kama milioni 1.2, ila usiibebeshe ngozi lawama yote, ukame nao unaua. Cha kukazia ni kwamba punda jike anakaa na mimba karibu mwaka mzima anazaa mmoja tu, biashara ya kuchinja kila siku haiwezi kusubiri hivyo.

Ukienda fildi usipande gari la wanunuzi, kijiji kizima kitakuona dalali na hakuna atakayekwambia ukweli. Majina ya waliokusimulia habari za wizi yasitokee popote, hata kwenye notsi zako. Na mama mwenye mzigo usimsimamishe umhoji juani, mpokee dumu moja muongee mkitembea.