Mti unakauka? Bandua gamba shinani kwanza

Nimejifunza hili kwenye shamba la misonobari iliyokuwa ikifa mmoja mmoja karibu na visiki vya msitu wa zamani. Kabla hujanunua dawa ya kupuliza majani, chagua mti ulioanza tu kugeuka njano, fukua udongo shinani kina cha kiganja, kisha bandua gamba taratibu kwa ncha ya panga. Ukikuta utando mweupe umebandikana kati ya gamba na mti, laini kama ngozi nyembamba, nao unanuka uyoga mbichi, huyo ni kuvu wa Armillaria. Anakula tabaka hai lililo chini ya gamba, ndiyo maana majani yanaugua juu ilhali adui yuko chini. Kwenye msonobari mara nyingi utakuta pia utomvu umegandamana na udongo. Kwenye chai, shina hupasuka kwa urefu.

Kipimo hiki kina mipaka. Ugonjwa ukiwa bado kwenye mizizi ya mbali, shina litaonekana safi kabisa, kwa hiyo fuata mzizi mmoja mnene, ukibandua kidogo kidogo. Mti uliokufa miezi mingi usiupime: kuvu wengine weupe na mchwa wameshaingia, utadanganyika. Ukiwa na uhakika, ng'oa mti na mizizi yake, pamoja na kile kisiki cha jirani, maana huyu hupita pale mizizi inapogusana.