Saladi ya kuku na achari ya matango: achari leo, saladi kesho

Saladi ya kuku ikiharibika, mara nyingi ni kwa sababu mbili: imepooza, au imejaa maji. Wengi wakionja na kuona imepooza wanamimina siki juu ya mayonaizi, na hapo wanapata hasara zote mbili kwa mpigo, ukali unaokwaruza koo na dimbwi chini ya bakuli. Mimi naandaa chakula cha boksi kwa wageni wanaotoka Arusha asubuhi kwenda Tarangire na Manyara. Mkate uliolowa ukifunguliwa saa saba mchana huko porini, hakuna cha kujitetea. Ndiyo maana uchachu wangu mwingi unatoka kwenye achari, na kila kinachoingia bakulini kinaingia kikiwa kikavu.

Kwa watu wanne au watano, tafuta:

- kidari cha kuku kisicho na mfupa, nusu kilo
- matango madogo, nusu kilo
- siki nyeupe kikombe 1 na maji kikombe 1
- sukari vijiko 2 vya chakula, na chumvi
- mbegu za haradali kijiko 1 cha chai, vitunguu swaumu punje 3, pilipili mbuzi 1
- mayonaizi vijiko 4 vya chakula
- mtindi, nusu lita
- kitunguu maji chekundu 1, hoho 1, karoti 1
- haradali ya chupa, pilipili manga, ndimu, kipande cha tangawizi

Hatua ya 1: Achari (siku moja kabla)

Sokoni Kilombero, hapa Arusha, matango yanayopangwa mbele ni yale manene yanayong'aa, maana ndiyo yanayotafutwa kwa kachumbari. Mimi huulizia yale madogo yaliyobaki chini ya tenga. "Dada, hayo bado machanga, utakula nini humo?" huniuliza mama muuzaji. Ndiyo hayo hayo, mama, nipimie. Tango changa lina mbegu laini na nyama ngumu, na ugumu huo ndio meno yatakaoukuta hata baada ya tango kukaa kwenye siki. Libonyeze kwa kidole gumba; likibonyea, liache.

Osha, kisha kata ncha zote mbili. Ncha ya upande wa ua usiionee huruma, ina vimeng'enya vinavyolainisha achari ikikaa. Kata vipande vya mviringo vya unene wa nusu sentimita hivi, weka kwenye chujio, nyunyizia kijiko 1 cha chakula cha chumvi, changanya kwa mkono, uache saa nzima bakuli likiwa chini. Utakuta maji yamejaa bakulini, maana chumvi huvuta maji kutoka ndani ya tango. Maji hayo ndiyo yangekuja kuivuruga saladi kesho. Yamwage, suuza matango haraka, yafunge kwenye kitambaa safi, uyakamue kwa nguvu kiasi bila kuyaponda.

Wakati yanatoa maji, chemsha siki, maji, sukari, mbegu za haradali, vitunguu swaumu vilivyogongwa na pilipili mbuzi iliyochanwa ubavuni. Mbegu za haradali zinapatikana kwenye maduka ya viungo. Usitumie sufuria ya alumini, hizi ambazo wengi wetu tunazo jikoni. Siki huila alumini na kuacha ladha ya chuma. Tumia ya stili, au ya enameli isiyobanduka. Soma pia lebo ya siki: vipimo hivi ni vya siki ya asilimia 5. Yako ikiwa ya asilimia 4, maji yawe nusu kikombe tu.

Panga matango kwenye chupa ya kioo iliyosuuzwa kwa maji ya moto (chupa baridi ikipokea siki inayochemka hupasuka), mimina siki ifunike matango yote, acha ipoe, funika, weka kwenye friji. Kesho yake imeiva. Chumvi ya mezani huwekewa kitu cha kuizuia isigandamane, kwa hiyo maji ya achari yanaweza kukosa uangavu kidogo, hilo halina shida. Ila hii ni achari ya friji. Haikai kabatini miezi kama zile za viwandani.

Hatua ya 2: Kausha mtindi

Usiku huohuo mimina mtindi kwenye kitambaa kilichotandazwa juu ya chujio, weka kwenye friji. Asubuhi utabaki na kitu kizito kinachokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Utahitaji vijiko 4 vya chakula. Kinachozidi, pakaa kwenye mkate.

Hatua ya 3: Chemsha kuku

Hapa natumia kuku wa kisasa bila kuona haya. Wa kienyeji ana ladha, lakini kidari chake kikichemshwa kinakuwa na nyuzi ngumu ambazo hazishikani na mayonaizi. Wa kienyeji mpikie supu.

Usimwoshe chini ya bomba. Maji yanayoruka yanasambaza vijidudu kwenye sinki na kwenye vyombo vilivyo karibu, na moto wa sufuria utamaliza kazi hiyo bila kusambaza chochote. Mpanguse kwa karatasi ya jikoni, uitupe.

Weka kidari kwenye sufuria, ongeza maji baridi yamfunike, chumvi kijiko 1 cha chai, kipande cha tangawizi, nusu ya kitunguu chako. Yakianza kuchemka punguza moto mpaka uso wa maji utikisike tu. Kuku anayetokotoshwa kwa fujo hukakamaa. Kidari cha kawaida kinachukua dakika 20 hadi 25. Arusha mjini tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo dakika za kwenye vitabu vya pwani huku huwa hazitoshi. Kama una kipimajoto, chomeka katikati ya sehemu nene: nyuzi 74 ameiva. Kama huna, kata pale penye unene zaidi, nyama iwe nyeupe mpaka ndani.

Zima moto, mwache kwenye maji yake dakika 15 zaidi. Mtoe akiwa bado vuguvugu, mchambue kwa vidole kufuata nyuzi, kisha pitisha kisu kukata nyuzi hizo ziwe fupi. Nyuzi ndefu zinatoka zote kwa mkupuo ukiuma mkate.

Sasa chota vijiko 2 vya chakula vya maji ya achari, nyunyizia kuku huyu angali na joto, changanya. Nyama ya moto hunywa uchachu mpaka ndani. Ikishapoa, uchachu unabaki juujuu. Ukiruka hatua hii utakuja kulipia kwa siki, na tumeshasema siki inafanya nini. Tandaza kwenye sinia ipoe haraka, kisha friji. Supu iliyobaki chuja, pikia wali.

Hatua ya 4: Changanya

Kata nusu ya kitunguu iliyobaki vidogo kabisa, loweka kwenye maji baridi ya chumvi kama unavyofanya kwa kachumbari, kamua. Hoho kata vidogo. Karoti kwaruza. Achari toa kiasi cha kiganja kimoja kilichojaa, kausha kwa kitambaa, kata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi.

Kwenye bakuli kubwa koroga mayonaizi, mtindi, haradali kijiko 1 cha chai, kijiko 1 cha chakula cha maji ya achari na pilipili manga. Onja kabla ya kuku kuingia. Iwe kali kidogo kuliko unavyotaka, maana kuku atapunguza makali. Chumvi iache mpaka mwisho, achari inayo ya kutosha. Ingiza kuku na mboga, geuza taratibu, funika, friji nusu saa. Onja tena, kamulia ndimu ikihitaji.

Msimu wa maparachichi napunguza mayonaizi hadi vijiko 2 na kuponda parachichi moja lililoiva na ndimu. Ila hiyo ni ya kula palepale, ikifika jioni imeshakuwa nyeusi.

Kula, kubeba, kuhifadhi

Nyumbani ninaipenda ndani ya chapati ya moto iliyokunjwa, mwenye mkate ni sawa. Kwa safari, pakaa siagi nyembamba kwenye mkate, tandika jani la saladi, kisha saladi ya kuku juu yake. Siagi na jani vinazuia unyevu. Iende kwenye boksi lenye barafu. Saladi yenye mayonaizi na kuku haitakiwi kukaa nje zaidi ya saa 2, na ndani ya gari lililoanikwa juani hata saa 1 ni nyingi. Kwenye friji inakaa siku 3. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikawa ya vuguvugu asubuhi, usiionje kuikagua, itupe.

Achari iliyobaki ina wiki 2 au 3 kwenye friji, mradi unachota kwa uma safi. Ikiisha, yale maji yake tumbukizia kitunguu chekundu kilichokatwa pete ule na mishikaki kesho yake, halafu yamwage. Usiyatumie mara ya tatu.