Mwenye kasuku Mtwara, toa maranda kwenye tundu

Masika haya kila kitu kinavunda, so kama unafuga kasuku au njiwa ondoa maranda na majani makavu chini ya tundu, tandika gazeti na ulibadilishe kila siku, likiwa limelowa usisubiri. Maranda yakichanganyika na maji na kinyesi yanaota ukungu unaitwa Aspergillus, yakikauka ndege akipiga mbawa vumbi lote linapanda analivuta, linakwenda kukaa kwenye mapafu na ile mifuko ya hewa, huko kulitoa shughuli. Gazeti halimalizi ukungu ila ukilikunja taratibu unatoka nao bila kutimua vumbi, na kinyesi unakiona vizuri. Na karanga za ndege zimenye mwenyewe, maganda yanaficha mengi, ukikuta punje ina unga wa kijani au imesinyaa tupa, kukaanga hakuondoi sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Sasa kama ndege ameshaanza kupumua mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka, sauti imebadilika au anakonda huku anakula, gazeti halitamsaidia, na zile antibayotiki za kuku haziui ukungu jamani, mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema.