Kukodi gari na dereva toka Prague mpaka Vienna, mlango kwa mlango

Kama mko familia na mabegi kibao basi chukueni gari binafsi, maana kwa kawaida bei ni ya gari zima sio ya kichwa, mkigawana watu wanne haiumi sana. Ukiwa peke yako panda tu treni, ipo ya moja kwa moja na muda karibu sawa, masaa manne hivi.

Unabuku mtandaoni, jaza anwani kamili ya unapochukuliwa na unaposhushwa, mtaa na namba ya nyumba, jina la hoteli peke yake halitoshi, na uweke namba yenye WhatsApp ili dereva akupate. Ukilala katikati ya mji mkongwe wa Prague uliza kabisa gari linafika wapi, mitaa mingine ni ya waenda kwa miguu tu. Hesabu mabegi yote pamoja na kigari cha mtoto, buti la gari dogo linajaa haraka mno! Kiti cha mtoto omba hapohapo unapobuku.

Muhimu kuliko yote uliza bei imebeba nini: ada za barabara kuu za Czech na Austria, paking, muda wa kusubiri, na unalipa euro au koruna (hela ya Czech). Njia ni kama kilomita 330 kupitia Brno, ukitaka kusimama mji wa Mikulov, karibu na mpaka, kuona kasri lake sema mapema na iandikwe kwenye buking. Pasipoti usiifungie kwenye begi la nyuma, ni Schengen ndio (nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti mipakani kwa kawaida) ila polisi wanaweza kukagua mpakani.